Kupenda Farasi Si Kuandika Riwaya

Juma lililopita mwalimu mmoja kijana, baada ya kunisikia nikiwasomea wanafunzi wake sura ya riwaya yangu, aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba nimebahatika, kwani nimewapenda farasi tangu utotoni na kwa hiyo sipati shida ya kutafuta la kuandika. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na safari hii nimeona heri niyajibu kwa maandishi. Upendo huo haukunipa hata ukurasa mmoja unaosomeka, na kwa miaka minne ndio ulionizuia kuandika.

Marehemu baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika mazizi ya karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, jijini Nairobi, nami nilikulia katika harufu ya nyasi kavu na matandiko yaliyopakwa mafuta. Mswada wangu wa kwanza ulipita kurasa 300, na katika kila ukurasa farasi alikuwa mzuri: singa zilipeperuka, ngozi iling'aa, macho yalijaa hekima. Mhariri aliyeusoma aliurudisha na swali moja tu: katika kitabu hiki, ni nani anayetaka nini? Sikuwa na jibu, kwa sababu aliyetaka kitu ni mimi peke yangu, nami nilichotaka ni kukaa tena zizini na baba.

Watu hunitajia Dick Francis, mpanda farasi wa Uingereza aliyegeuka mwandishi wa riwaya, kana kwamba ni ushahidi dhidi yangu. Ni kweli kwamba alikuwa bingwa wa wapanda farasi wa mbio za kuruka viunzi Uingereza katika msimu wa 1953–54, na kwamba mwaka 1956, katika mbio za Grand National huko Aintree, farasi Devon Loch, mali ya mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, alianguka naye akiwa anaongoza, karibu kabisa na mwisho, kwa sababu ambayo haikuwahi kuthibitishwa. Kutoka hapo wasimulizi huruka moja kwa moja hadi kwenye riwaya. Wanachokiruka ni kwamba aliacha mbio mwaka 1957, akawa mwandishi wa habari za mbio gazetini, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1962. Miaka hiyo ya kuandika kwa tarehe maalumu na kwa nafasi finyu ndiyo ninayoiheshimu. Isitoshe, riwaya zake zinaendeshwa na hofu, ulaghai na maumivu ya mwili, na farasi wamo kwa kuwa watu wake wanafanya kazi hapo.

Anna Sewell, mwandishi Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, ananigusa zaidi. Aliumia vifundo vya miguu akiwa na umri wa miaka 14, hakuweza tena kutembea mwendo mrefu, na tangu hapo alitegemea kigari cha farasi. Riwaya yake pekee, Black Beauty, ilitoka mwaka 1877, naye akafariki mwaka uliofuata. Wengi huiita kitabu cha mapenzi kwa farasi. Mimi nikiisoma naona hasira, tena hasira iliyojua kinachoiudhi, kwa sababu mojawapo ya mambo aliyoyapigania ni ukanda mmoja wa ngozi uliofungwa ili kuinua kichwa cha farasi wa gari apendeze machoni pa watu, huku shingo ikikakamaa na pumzi ikimbana. Yeye aliutazama ukanda huo hadi akajua unaumiza wapi.

Hapo ndipo subira inaponiishia ninaposoma miswada ya vijana ambao wanapenda sana na hawajatazama. Shujaa anampanda farasi magharibi, anakwenda shoti usiku kucha, anafika alfajiri na kumfunga mtini. Farasi wa mbio hodari anaweza kuzidi kilomita 60 kwa saa, lakini kwa dakika chache tu. Akilazimishwa hivyo usiku kucha, atakufa njiani. Safari ndefu huendwa kwa hatua za kawaida na kwa matiti, yaani mwendo wa haraka kiasi usiofikia shoti, kwa kupumzika na kunywesha maji. Halafu farasi huyo hulia katika kila tukio, akifurahi, akiogopa, akimwona mwenyewe anakuja, ilhali farasi halisi husema mengi zaidi kwa masikio yake. Tena huhema kwa pua tu, kwa hiyo sentensi ya "alihema mdomo wazi" humwambia anayejua kwamba mwandishi hakuwahi kusimama karibu naye.

Yapo mawili ambayo bado yananisumbua. Kwa muda mrefu niliwakataza wanafunzi wangu kumpa farasi mawazo na lugha ya binadamu, lakini Sewell alimfanya farasi asimulie mwenyewe, na kila ninaporudi kwenye kitabu chake kanuni yangu inatetereka. La pili ni lugha yetu. Hatamu, lijamu na vigwe tunavyo, na tenzi za kale za vita zimejaa farasi, lakini sehemu kubwa ya nchi zetu mbung'o hawakumruhusu mnyama huyu kukaa. Nikiandika kwamba farasi alikwenda matiti, msomaji wa leo huwaza kitu kingine kabisa. Mara nyingine nimeliacha neno sahihi nikaeleza mwendo wenyewe, na kila mara nimehisi nimemsaliti baba.

Baba alinifundisha kwamba farasi akifungwa mkanda wa tumboni huweza kujaza kifua pumzi, na mfungaji asiyejua hudhani umekaza. Yeye aliufunga kiasi, akamtembeza hatua kumi, akasubiri ile pumzi itoke, ndipo akaukaza tena kwa vidole viwili vikiwa kati ya ngozi na ngozi. Riwaya ninayoiandika sasa ilianzia hapo, kwa kijana saisi mwenye deni ambaye asubuhi moja, kwa haraka, hakusubiri. Sura hiyo nimeiandika mara tisa. Katika ile ya tisa nimeondoa kila neno linalosema kwamba anampenda farasi, nikabakiza vidole viwili tu, na leo jioni nitaisoma kwa sauti nione kama pumzi inasikika.