Kengele ya ndani si chanzo cha umeme

Wengi wanaofunga kengele ya mlangoni yenye kamera hutazama kile kisanduku kinacholia ukutani wakiamini ndicho kinachoipa kamera umeme. Si kweli, na matatizo mengi huanzia hapo. Umeme unatoka kwenye transfoma, kifaa kinachopunguza umeme wa nyumba kuwa volti chache, ambayo mara nyingi imefichwa darini au karibu na swichi kuu. Kengele ya ndani ipo njiani tu: umeme hupita kwenye koili yake (waya uliozungushwa ndani yake) ukienda mlangoni.

“Kengele ya zamani inalia, basi umeme unatosha.”
Hapa ndipo wengi wanaponasa. Kitufe cha kawaida hupitisha umeme kwa sekunde moja tu, kinapobonyezwa. Kamera inakula umeme usiku na mchana. Nyingi huhitaji volti 16 hadi 24 za AC, ilhali transfoma nyingi za zamani ni za volti 8 au 10. Wala usiishie kwenye volti. Soma na VA, yaani nguvu inayoweza kutoa, zilizoandikwa juu ya transfoma. Transfoma ya VA 10 inaweza kuiendesha kamera vizuri mchana kutwa, kisha giza likiingia na taa za infraredi za kuonea gizani zikawaka, kamera inazimika na kujiwasha upya. Mwenye nyumba anailaumu Wi-Fi, kumbe ni transfoma.

“Kengele inavuma au inalia yenyewe, imeharibika.”
Mara nyingi ni nzima. Ule umeme mdogo unaopita kwenye koili kuelekea kwenye kamera ukizidi kidogo, huitikisa pini ya kugongea. Ndiyo maana kamera nyingi huja na kifaa kidogo chenye nyaya mbili. Hufungwa kwenye kengele, kwa kawaida kwenye skrubu zilizoandikwa Front na Trans, ili umeme wa kamera usilazimike kupita kwenye koili. Tafadhali usikiache kwenye boksi ukidhani ni cha ziada.

“Kama hakuna kengele ya ndani, unga nyaya moja kwa moja.”
Kuna modeli zinazokubali. Nyingine huungua zisipowekewa rezista (kipande cha kupunguza mkondo wa umeme), kwa kuwa zilitegemea koili ipunguze mkondo. Soma maelekezo ya modeli yako kwanza.

“Nyaya za kengele hazina hatari.”
Za mlangoni, kweli, zina volti chache. Lakini upande wa pili wa transfoma una umeme kamili wa nyumba. Ukitaka kuibadilisha, zima swichi kuu, pima kwa mita uhakikishe, au mwite fundi umeme.