Pikapu ya dizeli ya kuvuta tela na ya kila siku: yanayosemwa na ukweli wake

Ukitangaza kwamba unatafuta pikapu ya dizeli, kila mtu atakupa ushauri: fundi, dalali, shemeji, hata kijana anayejaza mafuta sheli. Mengi ya ushauri huo yalikuwa kweli enzi za injini za zamani zisizo na kompyuta. Mengine hayajawahi kuwa kweli hata siku moja. Namwandikia mtu anayetaka gari moja lifanye kazi mbili: siku za wiki liende kazini na kupeleka watoto shule, mwisho wa wiki livute tela la mahindi, ng'ombe au boti. Huyu ndiye anayeumia zaidi akichagua vibaya, kwa sababu kinachofaa kwa kazi ya kwanza mara nyingi hakifai kwa ya pili.

"Injini kubwa ndiyo yenye nguvu"

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, ilianza kazi mwaka 1990 na bado inaheshimika kila pembe ya Afrika Mashariki. Haina turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, na nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni mita 285 hivi. Hilux ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020, ikiwa na gia otomatiki, inatoa 500. Hata Isuzu D-Max yenye injini ndogo ya lita 1.9 inatoa 350. Tela mlimani huvutwa na nguvu hii ya kuzungusha, hasa ikipatikana mapema kabla injini haijaanza kulia, na turbo ndiyo inayoileta mapema.

Turbo ina faida nyingine inayosahaulika. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Ukitoka Dar es Salaam ukafika Iringa umepanda zaidi ya mita 1,500. Hesabu mwenyewe kilichobaki, na tela liko nyuma.

Sisemi 1HZ ni mbaya. Anayeishi mbali na gereji yenye vifaa, anayenunua mafuta kwenye madumu, ana sababu nzuri kabisa ya kuichagua: inavumilia mafuta yasiyoeleweka na fundi wa kijijini anaifungua na kuifunga. Aichague kwa uvumilivu huo, asiichague akidhani itazishinda injini ndogo za kisasa mlimani.

"Imeandikwa inavuta kilo 3,500, basi inavuta kilo 3,500"

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na wauzaji hawana haraka ya kuwarudisha njiani. Namba hiyo ya kwenye tangazo ni ya tela peke yake, katika hali nzuri kabisa. Kuna namba nyingine mbili muhimu zaidi, na zote zimo kwenye kitabu cha gari: uzito wa juu wa pikapu yenyewe ikiwa na mzigo na watu, na uzito wa juu wa pikapu na tela kwa pamoja.

Tuchukue mfano. Pikapu ina uzito wa kilo 2,100 ikiwa tupu na tangi limejaa mafuta. Uzito wake wa juu ikiwa na mzigo ni kilo 3,050, na wa gari na tela pamoja ni kilo 5,850. Funga tela la kilo 3,500 kama tangazo linavyosema. Toa 3,500 kwenye 5,850, unabaki na 2,350. Toa 2,100 za gari, unabaki na 250. Hizo 250 ndizo za dereva, abiria, mabegi, gunia la mkaa ulilonunua njiani, kila kitu. Watu wanne wa kilo 70 tayari wameshazidisha. Ukijaza pikapu yenyewe mpaka mwisho wake, tela linalobaki halali ni la kilo 2,800, si 3,500.

Tena, tela lililopangwa vizuri huegemeza karibu asilimia 10 ya uzito wake kwenye ndoano. Tela la tani mbili linakandamiza sehemu ya nyuma ya gari kwa kilo 200 hivi, na kilo hizo zinahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Wapo wanaokwepa hilo kwa kurudisha mzigo nyuma ya ekseli ya tela ili ndoano iwe nyepesi. Tela la namna hiyo huanza kuyumba kushoto na kulia ukishika kasi, na likishaanza, kulituliza ni kazi ngumu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya yote haya. Kilo 3,500 ni kwa tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki, watengenezaji wengi wa pikapu hizi wanaandika kilo 750. Sasa angalia matela yanayochomelewa mitaani kwetu: ekseli ya gari bovu, tairi mbili, boksi la mabati, breki hakuna. Juu yake tangi la maji la lita 2,000, yaani tani mbili za maji kabla hujahesabu tela lenyewe. Injini italivuta bila kulalamika, na hilo ndilo linalomdanganya dereva. Kwenye mteremko wa Kitonga, breki za pikapu peke yake ndizo zinazoshika uzito wote huo, zinapata moto, na kanyagio linaanza kuzama. Dizeli nayo haisaidii kuzuia gari kama petroli ukiachia mafuta tu, hivyo shuka kwa gia ndogo tangu juu, kabla ya kasi kukuzidi. Kabla hujalinganisha Hilux na Ranger, tafuta bei ya tela lenye breki na uiingize kwenye bajeti. Ni heri pikapu ya miaka ya nyuma kidogo na tela lenye breki kuliko pikapu mpya na tela lisilo na breki.

"Ongeza springi, itabeba zaidi"

Springi za ziada zinanyanyua gari nyuma, na jicho linaridhika. Ekseli, beringi, breki, tairi na fremu vinabaki vilevile. Mzigo uliozidi unaendelea kuikunja fremu, na mara nyingi ufa huanzia nyuma ya kebini. Siku tano za wiki ambazo gari liko tupu, familia yako inarushwa kila penye tuta.

"Dizeli ni dizeli tu"

Injini za kisasa husukuma dizeli kwa mgandamizo unaoweza kupita bar 2,000, kupitia matundu ya nozeli madogo mno. Pampu na nozeli hizo zinalainishwa na dizeli yenyewe. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ulaini unapungua na vyuma vinaanza kulana. Uchakachuaji wetu haukuwa uvumi: Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo huo ukose faida. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Chagua sheli inayouza sana, omba risiti, mwaga maji kwenye filta ya dizeli mara kwa mara, na badilisha filta kabla ya muda wa kitabuni. Seti ya nozeli mpya ina bei ya kukunyima usingizi.

"Dizeli inakula kidogo, kwa hiyo inamfaa kila mtu"

Ni kweli inakula kidogo kwa kilomita. Lakini pikapu nyingi zilizotengenezwa kwa masoko ya Ulaya, Japani na Australia zina chujio la masizi kwenye ekzozi, na hizo ndizo nyingi tunazoagiza zikiwa zimetumika. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la karibu nyuzi 600, na joto hilo linahitaji mwendo wa kutulia wa dakika kadhaa. Mtu anayetoka Sinza kwenda Kariakoo kwenye foleni, anazima, jioni anarudi, halipi chujio nafasi hiyo. Taa inawaka, gari linapungua nguvu, na katika injini nyingi dizeli ya kuchomea masizi huvuja mpaka kwenye oili. Salfa inaongeza taabu: mwaka 2015 kanda yetu ilishuka hadi kiwango cha sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni hatua kubwa, ila injini za viwango vipya vya Ulaya zilibuniwa kwa sehemu 10.

Fundi atakushauri alikate chujio. Naomba ukatae. Masizi hayo yanaishia kwenye mapafu ya watoto wanaosubiri daladala, na wa kwako wanaweza kuwa miongoni mwao. Kama safari zako zote ni fupi za mjini na tela unalivuta mara mbili kwa mwaka, nunua gari la petroli na ukodi pikapu siku hizo mbili. Kama unatoka barabara kuu angalau mara moja kwa wiki, dizeli yenye chujio itaishi vizuri. Vinginevyo, tafuta iliyotengenezwa kwa soko la Afrika, kwani nyingi kati ya hizo hazikufungwa chujio hilo.

Na moshi mweusi si dalili ya nguvu. Ni dizeli isiyoungua vizuri, mara nyingi kwa sababu ya filta ya hewa iliyoziba au nozeli zilizochoka.

"Ya kuvuta tela lazima iwe gia za mkono"

Kwenye Hilux hiyohiyo ya 2.8, ya mkono imewekewa nyutoni mita 420, otomatiki 500. Otomatiki pia haiunguzi klachi unapoondoka na tela penye mlima. Inachodai ni oili ya giaboksi ibadilishwe, hata kama muuzaji anasema ni ya maisha.

"Kilomita 200,000 kwa dizeli ndiyo kwanza imeanza"

Inategemea nani aliiendesha na alifanya nini. Injini ya Toyota ya D-4D ya lita 3.0 iliyotumika sana kati ya 2005 na 2015 inajulikana kwa washa za shaba chini ya nozeli: zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba kichujio cha pampu ya oili, na injini inakufa ghafla ikiwa na sura nzuri kabisa. Mkanda wake wa taimingi nao ni wa kubadilishwa kila kilomita 150,000. Uliza risiti ya mkanda na ya washa. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, shika boneti uone kama ni ya baridi, ndipo uombe iwashwe. Ikishapata moto, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa mapigo mazito, ondoka. Kisha ingia chini ya gari ukaangalie mahali ndoano ilipofungwa, uone kama fremu imepinda au imechomelewa upya.