Wadandiaji wa mawe ya bahari: nani afukuzwe, nani aachwe

Kila jiwe la bahari linalopanda basi la usiku kutoka Mombasa kuja Nairobi, likawekwe kwenye tangi la samaki, huja na abiria wasiokata tiketi. Vitunduni mwake mna kaa, minyoo, konokono, anemoni wachanga (wanyama laini wafananao na maua), na mayai ambayo mwenye jiwe hatajua yapo hadi wiki kadhaa zipite. Kazi yangu ni kutunza matangi ya maji chumvi, ya nyumbani na ya maofisini, na simu nyingi ninazopigiwa hazihusu samaki hata kidogo. "Fundi, kuna nyoka kwenye tangi!" "Fundi, kuna kitu kinatoa mikono usiku." Kisha linafuata swali lenyewe: niweke dawa gani?

Huwa sitaji dawa. Naomba picha. Wengi wa hawa wadandiaji hawana hatia, na baadhi yao ndio wanaokusafishia tangi bila malipo. Wale wachache wenye hatia, mahali pa kupambana nao ni kwenye ndoo, kabla jiwe halijaingia kwa samaki. Wakishahamia ndani ya tangi lenye matumbawe, kila hatua unayowapiga nayo inawagusa na wenyeji.

Tuanze na huyo "nyoka". Mara tisa kati ya kumi ni mnyoo wa miiba: mwili wa pinki au wa kahawia, vishungi vya miiba meupe kila upande, anatoka gizani taa zikizimwa. Funga karatasi nyekundu kwenye tochi umtazame, maana mwanga mwekundu haumshtui sana. Utamwona ananyoosha kichwa kutoka tunduni, anapapasa mchanga, anakipata chakula kilichoanguka na kurudi nacho ndani. Anakula mabaki na mizoga. Samaki akifia nyuma ya jiwe mahali ambapo mkono wako haufiki, huyu ndiye atakayemmaliza kabla maji hayajaharibika.

Wakiwa wengi kupita kiasi, wanakusomea bili ya chakula. Ninahudumia tangi la mapokezi katika ofisi moja Upper Hill ambako askari wa asubuhi alikuwa akiwalisha samaki, dada wa mapokezi anawalisha, na mkubwa akirudi kutoka mkutanoni naye anawatupia kidogo. Minyoo ilijaa hadi ikaonekana mchana. Hatukuweka dawa. Tulimpa mtu mmoja kopo la chakula, na wengine tukawaomba watazame tu. Idadi ikapungua yenyewe, kwa kuwa mnyoo asiye na chakula hazai.

Lakini usimshike kwa mkono mtupu. Ile miiba inakatikia kwenye ngozi na kuwasha vibaya. Bandika selotepu mahali hapo uivute nayo, kisha osha kwa siki. Na usibabaishwe na video za Marekani za mnyoo wa moto anayekula matumbawe. Yule ni Hermodice carunculata, na makazi yake hasa ni Atlantiki na Mediterania. Wa kwetu wa kawaida, Eurythoe complanata, anachoma lakini si mla matumbawe.

Mnyoo wa kuogopa ni wa jamii ya Eunice: ngozi inayong'aa rangirangi, pembe tano fupi kichwani, taya za kukata. Mwaka 2009, kwenye akwariamu ya umma ya Newquay, Uingereza, walipata mmoja wa zaidi ya mita moja aliyekuwa akikata matumbawe na kujeruhi samaki. Walimgundua pale tu walipolibomoa tangi kipande kwa kipande. Ukimwona huyo, toa jiwe zima.

Sasa Aiptasia, ambaye kwangu ndiye adui namba moja. Ni anemoni mdogo wa kahawia inayopitisha mwanga, shina jembamba, mikono mirefu yenye ncha kali. Wageni wakimwona wanamsifu, na wapo wenye matangi wanaomlea wakidhani wamepata tumbawe la bure. Mikono yake inachoma. Tumbawe la jirani linajikunja na kukaa limefunga kutwa nzima. Ukimvuta kwa kibanio anakatika, na kipande cha wayo kinachobaki jiweni kinaota upya. Hata asipoguswa, akisogea huacha nyuma yake vipande vya wayo, na kila kipande ni anemoni mpya.

Wakiwa wachache, natumia chokaa: haidroksidi ya kalsiamu safi, ya daraja la chakula, si ile ya kupaka ukutani. Ikoroge na maji kidogo ya RO, yaani yaliyochujwa chumvi zote, iwe nzito, ila bado ipite kwenye sirinji. Zima pampu zote. Mkaribie pole pole akiwa amefunguka, maana ukimgusa kwanza atajivuta tunduni na kazi imeharibika. Mdondoshee mdomoni, ule mviringo wa katikati ya mikono, hadi ajikunje akiwa amefunikwa. Ngoja robo saa ndipo uwashe pampu. Siku moja usizidishe wachache, kwa sababu chokaa inapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji), na tangi dogo halina uvumilivu.

Wakishakuwa wengi, tafuta mla wao. Lysmata wurdemanni na jamaa zake, kamba wadogo wenye mistari myekundu, huwala, ingawa si kila mmoja anajua wajibu wake. Hapa kuna mtego. Lysmata huyo ni wa upande wa Karibi. Kwetu Bahari ya Hindi yupo wa kumfanania, Rhynchocinetes durbanensis, na dukani unaweza kuuziwa huyu kwa jina la yule. Mtazame vizuri kwenye mfuko kabla hujalipa: huyu wa pili ana nundu mgongoni, macho makubwa, na katikati ya mistari myekundu ana mistari na madoa meupe. Aiptasia hana habari naye; atakula polipu, yaani vidomo vyenye mikono, za matumbawe yako laini. Yupo pia konokono-uchi mdogo, Berghia, asiyekula kitu kingine duniani isipokuwa Aiptasia. Ukimpata ni hazina, ila akimaliza kazi atakufa njaa, basi panga mapema nani atakayempokea.

Kaa mtambue kwa magando. Mwenye magando yenye ncha bapa mara nyingi anakwangua mwani, mwache. Mwenye ncha nyeusi zilizochongoka na mwili wa manyoya, mtoe. Weka glasi ya chai mchangani, iegemee jiwe, ndani tia kipande cha nyama ya kamba. Anapanda kwa jiwe, anadumbukia, na kioo kinateleza hawezi kutoka. Lakini tofautisha: vikaa laini vinavyoishi katikati ya matawi ya matumbawe, wa jenasi Trapezia kwenye Pocillopora na Tetralia kwenye Acropora, ni walinzi. Baharini hupigana hata na kiti cha pweza wa miiba anapokuja kula tumbawe lao. Mtu akiwatoa hao, naona amelivua tumbawe nguo.

Mlio wa "tak, tak" usiku huwatisha wengi, kwa sababu wamesoma habari za kamba-vunjajungu, ambaye aina kubwa, Odontodactylus scyllarus, hurusha ngumi kwa kasi ya kama mita 23 kwa sekunde. Mara nyingi mlio huo ni wa kamba mdogo wa Alpheus, anayefyatua gando lake moja kubwa, na hana madhara. Kabla ya kuhukumu, hesabu konokono. Ukikuta makombe yaliyovunjwa, na kaa wanapotea mmoja mmoja, basi yupo. Nunua soda water ya kawaida supamaketi (si toniki, ile ina kwinini na sukari), nyanyua jiwe juu ya ndoo ya maji ya tangi, na piga soda tunduni kwa sirinji. Kaboni dioksaidi inamtoa mwenyewe. Usiingize kidole.

Vidogo vingine kwa haraka. Viti vya pweza vidogo vya Asterina, vyenye mikono isiyolingana, vingi hula utando wa kioo tu. Nitavipunguza kama nimeviona juu ya zoanthidi, wale ndugu wa anemoni. Konokono wa mirija wanaotupa nyuzi za ute, ziba mdomo wa kila mrija kwa supa gluu. Konokono weupe wadogo mno kwenye ukingo wa kombe la Tridacna, chaza mkubwa, watoe kwa brashi siku hiyohiyo, wananyonya chaza. Planaria wekundu, minyoo bapa wadogo, wafyonze kwa mpira kwanza, wapungue, ndipo ufikirie dawa, na kaboni ya kuchuja maji iwe tayari: wakifa kwa wingi wanaachia sumu inayoweza kuua samaki.

Kuhusu dawa, lazima niseme jambo la agroveti. Watu wanaingia pale, wananunua dawa ya minyoo ya mbuzi na kuimimina tangini. Ivermectin itaua kamba, kaa na vijidudu vyote vya jamii yao vinavyolisha samaki wako. Fenbendazole itaua minyoo kweli, wote, wakiwemo wale maelfu waliomo mchangani usiowajua, na konokono pia. Mizoga hiyo inaoza kwa pamoja, amonia inapanda, oksijeni inashuka. Stima ikipotea usiku huo, asubuhi hutakuwa na mnyoo wala samaki.

La kuchemsha mawe silijadili hata kidogo. Zoanthidi, hasa Palythoa, wanaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana kutoka kwa wanyama, na mvuke wa jiwe linalochemka unaiingiza mapafuni. Machi 2018, Oxfordshire huko Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya matumbawe ya tangini kusafishwa nyumbani, na wazima moto waliokuja kuwasaidia nao wakapelekwa. Vaa glavu na miwani, usisugue zoanthidi kwa maji moto.

Sasa ndoo. Kwanza jua jiwe limetoka wapi. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, hakuna ruhusa ya kutoa hata kombe, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo yakivuka mpaka lazima yawe na kibali. Muuzaji asiye na karatasi, mwache na mawe yake.

Jiwe likifika, changanya maji ya chumvi nzito, rifraktomita (kipimo cha chumvi) isome 1.035 hadi 1.040, ulizamishe dakika chache ukilitikisa. Utashangaa wanavyoshuka: minyoo, kaa, wakati mwingine pweza mchanga. Kisha liende kwenye pipa la plastiki lisilo na samaki, lenye pampu na hita, wiki sita hadi nane. Hita si anasa Nairobi. Usiku wa Julai baridi ya nje hushuka hadi nyuzi 12 au chini, na viumbe wa jiwe wanataka 25. Pima amonia, badilisha maji, na kila siku chache tia kipande cha nyama ya kamba ndani ya wavu umulike usiku uone nani kaja.

Matumbawe yenyewe, hasa Acropora, dawa ya kuchovya pekee haitoshi. Minyoo bapa wa Prosthiostomum acroporae hudondoka kwenye dawa, mayai hayadondoki. Yatafute chini, pale tawi linapokutana na kiguu cha saruji lililobandikwa juu yake: vishada vidogo vya kahawia juu ya mfupa usio na nyama. Yakwangue kwa wembe. Bora zaidi, kata tawi juu ya eneo hilo, kitupe kiguu chote, bandika kwenye kipya. Chovya tena kila wiki, kwa wiki sita, na maji ya kuchovyea yamwage chooni. Yasirudi tangini hata tone.