Kompyuta kwenye kipindi cha takwimu: iingie wakati gani?

Dhana: Mwanafunzi achore grafu zote kwa mkono mpaka abobee, ndipo aguse kompyuta.

Kuchora kwa mkono kuna kazi yake, na hapo silegezi. Mtoto ambaye hajawahi kuamua mwenyewe mraba mmoja wa daftari uwakilishe watu wangapi, hataielewa skeli. Lakini kwa hilo grafu mbili tatu zinatosha. Ya sita ni kazi ya rula na penseli tu, na kipindi kinakwisha bila mtu kuuliza grafu inasema nini.

Chukua dakika ambazo watoto saba hutembea kwenda shule: 5, 10, 10, 15, 15, 20, 100. Wastani ni 25, ingawa watoto sita kati ya saba hawafikishi hata 25. Waache wakokotoe wenyewe, walishangae hilo. Kisha namba ziingie kwenye Excel, programu ya kompyuta ya kukokotoa namba kwenye jedwali, na uwaulize: huyu wa 100 akihamia karibu, akawa anatembea dakika 30, je? Wastani unashuka papo hapo hadi 15. Namba ya katikati ilikuwa 15, na inabaki 15. Jaribuni 60, jaribuni 200. Hapa mashine inastahili nafasi yake, kwa sababu kurudia kujumlisha kila mara kungelizika swali lenyewe.

Dhana: Namba zikishakokotolewa, grafu ni pambo.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data zenye wastani ule ule na karibu mstari ule ule wa uhusiano, yaani ule unaopitishwa katikati ya nukta za grafu. Ukizichora, hazifanani kabisa. Kuchora zote nne kwa mkono kunakula muda mwingi. Kwa kompyuta darasa linabaki na muda wa kubishana.

Dhana: Grafu ya kompyuta haikosei.

Ipe Excel alama 95, 97 na 99 za mikondo mitatu. Huweza kuanzisha namba za wima juu ya sifuri, na mkondo wa kwanza ukaonekana umeachwa mbali mno. Aliyewahi kuchora kwa mkono hulishtukia hilo upesi.

Dhana: Bila maabara ya kompyuta, hakuna la kufanya.

Simu moja ya mwalimu inatosha kwa mfano wa dakika. Na kukusanya data hakuhitaji mashine: anayepanda bodaboda nusu ya njia aandikwe dakika ngapi? Hilo darasa liliamue kabla namba yoyote haijaandikwa.