KTM 300 si ya vichaa tu

Ukiwa Moshi, utaambiwa: kama hujakomaa chukua pikipiki ya porini ya KTM 250 EXC, ile 300 itakutupa migombani. Mara nyingi mambo huwa kinyume.

Zote ni tustroki, zile za kuchanganya petroli na oili, na fremu ni ile ile. Kwenye matoleo ya miaka ya 2010 pistoni za zote mbili husafiri milimita 72. Zinachotofautiana ni upana wa silinda: milimita 66.4 kwa 250, na 72 kwa 300. Hata hiyo "300" ukipiga hesabu ni cc 293 tu.

Upana huo ndio unaoipa 300 nguvu hata injini ikizunguka polepole. Panda Kibosho baada ya mvua, udongo unateleza kama sabuni: 300 ikiwa gia ya tatu inanguruma polepole, tairi linashika, unapanda. Ya 250 inataka resi, ushuke gia, ucheze na klachi. Nguvu inakuja ghafla, tairi linazunguka bure, mkono unakufa ganzi. Ndiyo, ukivuta mafuta yote 300 inatisha. Ila nani anavuta yote kwenye tope? Kwenye kona kali, 250 huhisi nyepesi zaidi mikononi, hilo siwezi kulipinga.