"Nje ya Kanisa Hakuna Wokovu": Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kanisa Katoliki hufundisha kwamba asiyebatizwa, awe Mwislamu, Mhindu au mfuasi wa dini ya jadi, amekwisha kupotea.

Ukweli: Msemo "Nje ya Kanisa hakuna wokovu" ni wa Sipriano, askofu wa Karthago katika Afrika Kaskazini, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Alipouandika hakuwa akiwazungumzia watu wa dini nyingine. Alikuwa katika mabishano kuhusu ubatizo uliotolewa na Wakristo waliojitenga, na onyo lake liliwahusu hao. Ni kweli, wala haifai kuficha, kwamba Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze mwaka 1442 uliwataja pia wapagani na Wayahudi, tena kwa ukali unaomshtua msomaji wa leo. Tamko hilo, hata hivyo, lilitolewa miaka 50 kabla ya Columbus kuvuka Atlantiki, wakati Wakristo wengi wa Ulaya walidhani kwamba Injili imekwisha kuhubiriwa karibu kila mahali, hivyo asiyeamini alihesabiwa kuwa ameikataa kwa makusudi.

Dhana: Fundisho liligeuzwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ili kuwaridhisha watu wa kisasa.

Ukweli: Papa Pius IX, ambaye hakuna awezaye kumshuku kwa kujipendekeza kwa usasa, aliandika mwaka 1863 kwamba wale wasioijua dini ya kweli pasipo kosa lao, wakaishika sheria ambayo Mungu ameiandika mioyoni mwa wote, waweza kuupata uzima wa milele kwa nguvu ya neema. Huko Boston, padre Leonard Feeney aling'ang'ania kwamba wasio Wakatoliki wote wanaangamia; Roma ilimpinga kwa barua ya mwaka 1949, na mwaka 1953, kwa sababu ya ukaidi wake, alitengwa na Kanisa. Hati ya Lumen Gentium, iliyotolewa na Mtaguso huo wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 na inayowataja Waislamu kuwa wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja, ilifuata njia iliyokwisha kufyekwa.

Dhana: Basi dini zote ni sawa.

Ukweli: Hapana. Katika fundisho hili kila anayeokoka huokolewa na Kristo, hata kama hakumjua, na tamko la Vatikano liitwalo Dominus Iesus la mwaka 2000 lilikataa waziwazi wazo la kuwapo njia nyingine za wokovu zinazokwenda sambamba naye. Mwislamu ana haki ya kulipinga jambo hili, kwa maana anaambiwa kwamba mwokozi wake ni yule ambaye yeye humkiri kuwa nabii tu. Makanisa mengi ya kiinjili nayo hulipinga, ila kwa sababu tofauti: husoma katika Matendo 4:12 kwamba ni lazima kumwamini Yesu kwa kujua.

Dhana: Mbatizwa, kwa vyovyote, yu salama.

Ukweli: Lumen Gentium hiyohiyo, katika kifungu cha 14, inasema kwamba asiyedumu katika upendo haokoki, ajapokuwa ndani ya Kanisa kwa mwili.