Maji mengi hayasafishi dawa mwilini

Kuna ujumbe wa miaka mingi kwenye magrupu: ukimaliza dozi, kunywa lita kadhaa za maji "kuosha mabaki ya dawa" yaliyoganda kwenye ini. Si kweli.

Ini haligandishi dawa, linazivunja. Chukua parasetamoli: vimeng'enya vya ini (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) huigeuza iwe kitu kinachoyeyuka vizuri kwenye maji, kisha figo hukitoa kwa mkojo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hadi 3. Piga hesabu: 100, 50, 25, 12.5, 6, 3. Kesho yake karibu yote imekwisha, umekunywa ndoo nzima au glasi mbili. Dawa nyingine, kama diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi), huchukua siku kadhaa, na maji hayaziharakishi.

Mkanganyiko unatokana na rangi, nadhani. Ukimeza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, mkojo huwa wa machungwa. Vitamini B2 huufanya njano kali. Ukinywa maji mengi unakuwa mweupe, basi mtu anasema "imetoka". Maji yameizimua rangi tu.

Kuna dawa chache ambazo daktari husisitiza maji, ila mara nyingi ni kulinda figo. Soma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, hasa sehemu inayoeleza jinsi dawa inavyotoka mwilini kama ipo, au muulize mfamasia. Ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa apunguze maji anaweza kuufuata na kujidhuru.